Mbegu Haiuzwi: Neno Juu ya Bata Mzinga wa Asili

Kila mwaka, sikukuu ya Krismasi inapokaribia, wachuuzi wa ndege huanza kuonekana kwenye malango ya kambi zetu na karibu na vituo vya polisi. Huja kwa baiskeli na pikipiki, matenga yamefungwa nyuma, nao huuliza swali moja tu: nani ana dume mkubwa? Hawamtaki dume mwembamba, wala jike aliyekonda kwa kuatamia. Humtaka yule anayetandaza mkia uwanjani asubuhi, ambaye kifua chake kimejaa na sauti yake husikika mpaka mstari wa tatu wa nyumba. Na mwenye dume huyo, akiwa ni askari ambaye mshahara wake umekwisha kugawanywa kabla haujafika, na ambaye watoto wake wanangoja karo ya muhula mpya, huiona bei aliyotajiwa kuwa ni neema iliyomfuata mlangoni. Dume hufungwa miguu, hutiwa tengani, na jioni hiyohiyo nyumba hubaki na fedha mkononi na banda lisilo na baba.

Sisi tunasema kwamba biashara hiyo, ijapokuwa ni halali na bei yake ni nzuri, ni hasara. Dume aliyeondoka hakuwa nyama tu. Alikuwa mbegu. Anayemwuza dume bora na kuzalisha kwa dume aliyekataliwa na mchuuzi amekwisha kuamua, bila ya kujua, kwamba bata mzinga wake wa mwaka ujao watakuwa duni kuliko wa mwaka huu. Akifanya hivyo miaka mitano mfululizo, asilaumu ugonjwa wala hali ya hewa. Ajilaumu yeye mwenyewe.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona maafisa wanaoshughulika na uhusiano wa jeshi na raia wakiacha habari za gwaride na kuzungumza habari za ndege wa kufugwa. Hapana la kustaajabisha hapa. Askari hula kabla ya kupiga kwata, na familia yake hula hata siku ambazo yeye yuko zamu mbali na nyumbani. Katika kambi nyingi, nyuma ya kila nyumba utaona kibanda cha mbao au cha mabati makuukuu, na mama wa nyumba hiyo, ambaye jina lake haliandikwi katika daftari lolote la kikosi, ndiye anayejua ni ndege gani anataga na ni nani ameanza kukohoa. Tunawaandikia askari na polisi, lakini tunajua kwamba makala haya yatasomwa kwa sauti jikoni, na huko ndiko tunakotaka yafike. Isitoshe, askari hustaafu. Siku atakapovua sare na kurudi kijijini, kiinua mgongo chake kitakwisha kama hakuleta pamoja nacho kitu kinachozaa.

Kwanza tuelewane maana ya maneno. Bata mzinga si ndege wa Afrika. Nchi yake ya kwanza ni Amerika. Wenyeji wa Meksiko walimfuga kwa karne nyingi kabla Wahispania hawajaivamia nchi yao mwaka 1519, na Wahispania ndio waliomvusha bahari hadi Ulaya, akasambaa kutoka huko. Katika pwani ya Afrika Mashariki wako wanaomwita piru, jina linalofanana na lile la Kireno, peru. Hapa kwetu, katika Buganda, anaitwa ssekkokko. Kwa hiyo tunaposema bata mzinga wa asili hatudai kwamba alitokea katika udongo wetu. Tunamaanisha ndege wa jamii ya zamani, ambaye bado anafanya mwenyewe kila alichoumbiwa kufanya.

Wafugaji wa Marekani wanaohifadhi jamii hizo wameweka alama tatu za kumtambulisha. Ya kwanza, dume na jike hupandana wenyewe, pasipo mkono wa binadamu, na mayai yao yakaanguliwa. Ya pili, ndege huyo huishi na kuzaa kwa miaka mingi akiwa nje, juani na upeponi. Jike huweza kutumika kwa uzazi miaka mitano hadi saba, na dume mitatu hadi mitano. Ya tatu, hukua polepole, hata akahitaji kama wiki 28 kufikia uzito wa kuchinjwa, ili mifupa na moyo vipate kukomaa kabla nyama haijavielemea. Huko Marekani jamii hizo zina majina kama Bronze, Narragansett na Bourbon Red. Ndege wetu wa vijijini, wenye mchanganyiko wa weusi, rangi ya shaba, kijivu na mabaka meupe, hawana majina katika vitabu hivyo, lakini wengi wao wanazo alama zote tatu. Hiyo ndiyo mali tunayoizungumzia.

Ili kuielewa hatari iliyo mbele yetu, hatuna budi kuyatazama yaliyotokea huko huko Marekani, ambako mbegu ya zamani nusura ipotee kabisa.

Katika nchi hiyo bata mzinga ni chakula kikuu cha sikukuu ya shukrani ya mwezi wa Novemba. Uzito wa jambo hilo unaonekana katika kisa kimoja kinachowahusu askari. Mwaka 1943, vita vikuu vya pili vikiwa vimepamba moto, serikali ya Marekani iliuzuia kwa muda uuzaji wa bata mzinga kwa raia, mpaka majeshi yaliyokuwa mbali na nyumbani yapatiwe kwanza kiasi chao cha sikukuu. Ndege waliochinjwa kwa ajili ya askari hao walikuwa bado wanapandana wenyewe na kulea vifaranga.

Lakini tangu miaka ya 1930 wafugaji walikuwa wamekwisha kuanza kuchagua ndege wenye kifua kipana zaidi na zaidi, kwa sababu nyama nyingi ipo kifuani. Baada ya vita wakaongeza sharti la pili, kwamba ndege awe mweupe, kwa kuwa vishina vya manyoya meupe haviachi madoa meusi katika ngozi iliyonyonyolewa. Kufikia miaka ya 1960 bata mzinga mweupe mwenye kifua kipana alikuwa amelitawala soko. Alikua upesi, akala chakula kidogo kwa kila kilo ya nyama, akampendeza mwenye kiwanda na mwenye duka. Ila kifua kilipozidi kupanuka, dume hakuweza tena kumpanda jike. Tangu hapo uzazi wa ndege huyo hutegemea uhimilishaji: watumishi hulikamua dume kwa mikono yao na kuipandikiza mbegu ndani ya jike kwa mrija. Wakiacha kufanya hivyo msimu mmoja tu, kizazi kinachofuata hakipo.

Wakati huo huo jamii za zamani zilikuwa zikitoweka kimya kimya, kwa kuwa hapana aliyezihitaji sokoni. Mwaka 1997 shirika lililoitwa wakati huo American Livestock Breeds Conservancy, lililoanzishwa mwaka 1977 kuhifadhi mifugo ya zamani, lilihesabu ndege wa mbegu wa jamii hizo katika vituo vya kuangulia vifaranga. Lilipata 1,335. Tuitazame hesabu hiyo kwa jicho la kijeshi. Nchi iliyokuwa ikifuga zaidi ya bata mzinga milioni 200 kila mwaka ilibakiwa na ndege wa asili wa mbegu wasiotosha kujaza batalioni mbili. Ugonjwa mmoja mkali katika mabanda machache ungeweza kuifunga historia ya karne kadhaa.

Waliookoa mbegu hiyo ni wafugaji wachache wakaidi, mmoja wao akiwa Frank Reese wa jimbo la Kansas, ambao waliendelea kuwatunza ndege wao miaka yote ambayo soko liliwacheka. Na namna walivyoiokoa inafaa kuzingatiwa. Ndege hawakufungiwa katika bustani ya wanyama ili watu waje kuwatazama. Watu walihimizwa kuwala. Mlaji alipoagiza bata mzinga wa asili kwa sikukuu na kulipa bei inayostahili, mfugaji alipata sababu ya kuangua vifaranga wengi zaidi mwaka uliofuata. Kufikia mwaka 2006 ndege wa mbegu walikuwa wamezidi 8,000. Waliliwa wa ziada, wakabakizwa wa mbegu. Katika maneno hayo machache ndimo ilimo siri yote ya ufugaji.

Tunajua hoja zitakazotolewa dhidi yetu, na ni haki zijibiwe. Yuko atakayesema: huyo mweupe wa kisasa huwa tayari kuchinjwa baada ya wiki 14 hadi 18, na wenu anangoja 28, mnatushauri tuchelewe ili tupate nini? Hoja hiyo ni ya kweli kwa mwenye kiwanda. Mtu mwenye banda kubwa, chakula cha kununua, umeme usiokatika na mkataba wa kuletewa vifaranga kila msimu, hatumkatazi kufuga ndege mweupe. Lakini sajini mwenye eneo la hatua kumi kwa hatua kumi nyuma ya nyumba si mwenye kiwanda. Ndege wake hula majani, panzi, mabaki ya ugali na nafaka iliyomwagika, pamoja na chakula kidogo cha kununua. Kwake yeye, ndege anayekua polepole kwa vitu hivyo ni faida, na ndege anayelegea miguu asipopata chakula cha gunia ni mzigo. Juu ya hayo, kila kifaranga mweupe hana budi kununuliwa. Hata mfugaji akiwa na majike kumi na madume wawili, mwaka ujao atarudi kwa muuzaji na fedha mkononi, na bei ataipanga muuzaji. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Silaha isiyoweza kupata risasi ila kwa hisani ya jirani si silaha ya kutegemewa, na hilo hatuna haja ya kumweleza askari.

Hatusemi haya kwa kuwahukumu wengine. Sisi wenyewe tuna hatia. Miaka michache iliyopita, katika kambi moja tuliyotumikia, tulikuwa na dume wa rangi ya shaba tuliyempata kwa mzee mmoja wa kijijini, pamoja na majike wanne. Kwa misimu miwili vifaranga walianguliwa vizuri na kukua vizuri. Mwezi wa Desemba akaja mchuuzi, akataja bei ambayo hatukuwa tumeitazamia, nasi tukampa dume. Karo ililipwa. Tukajiambia kwamba tumefanya jambo la busara, hasa kwa kuwa sehemu ya fedha hizo tuliitumia kumnunua dume mweupe wa kisasa, mzito kuliko yule wa kwanza, ili tuiboreshe mbegu yetu.

Dume huyo alikuwa fahari ya mstari wetu wa nyumba. Alijivimbisha, akakokota mbawa, akajaribu kupanda, akaanguka. Akajaribu tena, akamchubua jike mmoja mgongoni. Majike wakataga kama kawaida yao, na yule mkubwa wao akaketi juu ya mayai 15. Bata mzinga huatamia siku 28. Siku hizo zikapita. Mama wa nyumba akasema tumngoje, huenda tumekosea hesabu. Siku ya 35 jike yule alikuwa bado ameketi, amekonda hata mfupa wa kifua ukaonekana, akikataa kutoka ila kwa dakika chache za kunywa maji. Tulipoyapasua mayai, yote yalikuwa maji matupu. Hapakuwa hata na moja lililoanza kuumba kifaranga. Jike alikuwa amefanya zamu yake yote bila kasoro, nasi ndio tuliokuwa tumemweka kulinda ghala tupu.

Kutokana na kosa hilo, na kutokana na mafunzo tuliyopewa baadaye na wafugaji waliotutangulia, tunaomba tuwaeleze ndugu zetu mambo machache ya kutenda.

La kwanza ni uchaguzi wa mbegu. Ufanyike mapema, ndege wakiwa na miezi mitano au sita, kabla mchuuzi hajafika langoni. Mchagueni dume kwa kumshika, si kwa kumtazama tu. Miguu iwe imara na minyoofu, vidole visiwe vimepinda, mfupa wa kifua uwe umenyooka, mwendo uwe wepesi. Awe mkubwa miongoni mwa wenzake, lakini asiwe mzito hata akashindwa kuruka juu ya kichanja kifupi, kwani asiyeweza kujiinua mwenyewe hataweza kupanda. Majike wachaguliwe kwa mama waliotaga vizuri na kulea vizuri. Waliochaguliwa wafungwe kitambaa au pete mguuni, na tangu siku hiyo wasiwe na bei. Waliobaki wote ni nyama, na wauzwe au waliwe bila majuto.

La pili ni hesabu ya madume na udugu wao. Dume mmoja mwenye afya anatosha majike wanane hadi kumi, kwa hiyo familia yenye majike wanne haihitaji madume wengi wa kula bure na kupigana. Lakini tahadhari iko hapa: familia moja ikizalisha dume na dada zake mwaka baada ya mwaka, damu itakuwa moja, mayai yatapungua kuanguka na vifaranga watakosa nguvu. Dawa yake inapatikana katika kambi kwa urahisi kuliko kijijini. Familia tatu na zipatane. Majike wabaki kwao daima. Kila mwaka, dume kijana aliyechaguliwa katika nyumba ya kwanza ahamie ya pili, wa pili ahamie ya tatu, na wa tatu arudi katika ya kwanza. Sisi tunaoishi kwa uhamisho hatutashindwa kuelewa utaratibu huo. Ila wajue kwamba mbegu ya dume hukaa akiba mwilini mwa jike kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo uhamisho ufanyike mapema kabla ya msimu wa kutaga, ndipo itajulikana hakika ni nani baba wa vifaranga.

La tatu ni ulezi wa vifaranga, na hapa ndipo wengi hushindwa. Kifaranga wa bata mzinga ni dhaifu kuliko wa kuku katika wiki zake za kwanza. Akilelewa na mama yake, mama atamtia joto. Akilelewa bila mama, wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi, likipunguzwa kama nyuzi tatu kila wiki. Atumiaye jiko la mkaa ahakikishe hewa inapita, asije akaua kwa moshi alichotaka kukiokoa kwa joto. Kifaranga huyu pia hachangamkii chakula mwenyewe. Mchovyeni mdomo majini, mwonyesheni chakula kwa kukidonoa kwa kidole, na katika chombo cha maji tieni kokoto safi ili asizame. Chakula chake cha mwanzo kinahitaji protini sehemu 28 hivi katika 100, zaidi ya ile ya vifaranga wa kuku. Asiyemudu kununua cha kutosha apunguze idadi ya vifaranga, asipunguze chakula.

La nne ni maradhi. Bata mzinga asifugwe pamoja na kuku, wala asihamishiwe katika uwanja uliofugiwa kuku karibuni. Kuku huwa na mnyoo mdogo tumboni, na ndani ya mayai ya mnyoo huyo hujificha vijidudu vya ugonjwa uitwao kichwa cheusi. Kuku mwenyewe aghalabu haumwi sana, lakini bata mzinga huharibika ini, hutoa kinyesi cha njano kama salfa, na wengi hufa. Mayai ya mnyoo huyo huweza kuishi udongoni kwa miaka. Kinga yake kubwa ni kutenganisha, na hiyo haina gharama ila nidhamu. Kideri nacho humpata bata mzinga kama kimpatavyo kuku. Mwulizeni daktari wa mifugo wa wilaya habari za chanjo na tarehe zake, na ndege mgeni atengwe kwa majuma mawili au zaidi kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

La tano ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nyumba iandike tarehe ya kutaga, idadi ya mayai, idadi ya walioanguliwa, waliokufa na waliouzwa. Askari anayeweza kuandika taarifa ya zamu usiku kwa mwanga wa tochi hawezi kutuambia kwamba kazi hiyo inamshinda.

Juu ya nyama yenyewe tuna neno moja. Kwa vipimo vya wafugaji wa Marekani, dume kijana wa jamii ya Bronze hufikia kilo 11 hivi na jike kijana kilo 7 hivi. Ndege wetu waliozoea kujitafutia wengi wao ni wepesi zaidi, na hakuna aibu katika hilo. Nyama yao imekaza kwa sababu miguu yao imefanya kazi, na mpishi hana budi kuipika kwa moto mdogo na muda mrefu, akiufunika mchuzi wake usikauke. Anayeipika kwa haraka ataila kwa taabu na kumlaumu ndege. Anayeingoja atajua kwa nini walaji wa Marekani walikubali kuilipia zaidi.

Yako mambo mawili yanayoihusu sare yetu, nasi hatuwezi kufunga bila ya kuyataja.

Askari huhamishwa. Amri ya uhamisho haiulizi kama jike ameketi juu ya mayai. Ndiyo maana tunahimiza familia tatu tatu zishirikiane, na ndiyo maana tunashauri kwamba kila mwenye ndege wa mbegu apeleke dume mmoja na majike wawili nyumbani kwao kijijini, kwa wazazi au ndugu. Akipewa uhamisho wa ghafula, mbegu yake haiendi sokoni kwa bei ya kutupa. Na siku ya kustaafu atakuta imemtangulia. Banda la kambini nalo lijengwe kwa ruhusa ya kamanda na mahali palipoonyeshwa, maana ufugaji unaochafua kambi utapigwa marufuku, na haki itakuwa upande wa anayeupiga marufuku.

La pili ni zito zaidi. Ndege wengi wa asili wamo mikononi mwa wananchi wa vijijini, hasa akina mama na wazee, na huko ndiko tutakakokwenda kutafuta mbegu. Basi twende kama wanunuzi. Ziko enzi katika historia ya nchi yetu ambapo mwanakijiji alipomwona mtu mwenye bunduki aliwafukuza kuku wake porini wajifiche. Sifa hiyo ilichukua miaka mingi kufutika, na ndege mmoja aliyechukuliwa bila kulipwa anatosha kuirudisha. Askari au polisi anayemwuliza mama bei ya dume wake, akailipa kamili, kisha akarudi mwaka wa pili kumletea dume kijana ili aibadili damu ya ndege wake, amefanya kazi ya uhusiano mwema kuliko hotuba tunazoziandika sisi ofisini. Nchi yetu inayo sheria ya mwaka 2001 juu ya uzalishaji wa mifugo, na kituo cha taifa cha mbegu za mifugo kipo Entebbe. Lakini hapana sheria wala kituo kitakachoihifadhi mbegu ambayo wenyewe tumekwisha kuiuza kwa kilo.

Kwa hiyo, ndugu mlinzi wa taifa, Desemba itakapofika na mchuuzi akasimama langoni na matenga yake, usimfukuze. Mkaribishe. Mwonyeshe madume wako wa ziada, jadiliana naye bei bila haya, pokea fedha, ulipe karo. Na atakapokinyooshea kidole kile kikubwa chenye kitambaa mguuni, mwambie kwa heshima kwamba huyo yuko zamu. Mwaka ujao arudi, naye atawakuta wanawe.